Boila la mvuke la nyumbani linajaa maji kupita kiasi kila asubuhi: maji haya yanatoka wapi?

Mleta uzi, Worcester (Massachusetts)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu na nyumba za zamani za huku kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa.

Nyumba yetu ni ya mbao, ya familia mbili, iliyojengwa miaka ya 1920. Sisi tunaishi chini na juu kuna mpangaji. Joto la nyumba nzima hutoka kwenye boila moja la mvuke lililopo besmenti, linalochoma mafuta. Mvuke hupanda kwa bomba moja hadi kwenye radieta za chuma kizito, na ukishapoa na kuwa maji, maji hayo hushuka kwa bomba hilohilo na kurudi kwenye boila.

Tangu mwishoni mwa Desemba, mabomba hugonga alfajiri kana kwamba mtu anapiga nyundo ndani ya ukuta, na radieta ya chumba cha watoto hutema maji kupitia kipumulio chake, yaani kivali kidogo cha kutolea hewa. Mpangaji wa juu naye ameniletea picha ya zulia lililolowa. Siku ya kwanza niliposhuka kuangalia, kioo cha kupimia maji kilikuwa cheupe tu, bila mstari wowote, nami nikadhani boila limekauka. Nilikuwa nimeshashika koki ya kujazia maji ndipo nikakumbuka kwamba kioo kilichojaa mpaka juu na kioo kitupu hufanana kabisa machoni. Nikafungua kwanza koki ndogo iliyo chini ya kioo, maji yakatoka kwa nguvu bila kukoma. Kumbe lilikuwa limejaa pomoni.

Nilipunguza ndoo mbili, boila likafanya kazi vizuri siku hiyo, lakini asubuhi iliyofuata lilikuwa limejaa tena. Fundi aliyekuja alisema kijaza-maji, yaani kile kifaa kinachoongeza maji chenyewe yanapopungua, kimeharibika. Akakibadilisha kwa mamia ya dola. Baada ya siku mbili tukarudi palepale. Sasa ananiambia boila lenyewe limechoka na ninunue jipya. Kabla sijaingia kwenye deni hilo, naomba mnisaidie kuelewa. Nawasilisha.

Fundi wa Mvuke (Connecticut)

Ndugu yangu wa Worcester, usinunue boila kwa sasa. Nilianza kazi ya mvuke nikiwa kijana kwenye kiwanda cha sukari nyumbani, tukichoma makapi ya miwa, na huku nimetengeneza maboila ya majumbani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeona watu wengi wakibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kabla hawajajua maji yanaingilia wapi. Kuanza na kifaa ni kuanzia mwisho. Anza na maji.

Mfumo wako wa mvuke huzungusha maji yaleyale. Maji yanayoondoka kama mvuke ndiyo yanayorudi kama maji, hivyo ukipima usawa wa kioo jioni boila likiwa limepoa, na ukapima tena asubuhi likiwa limepoa, usawa unapaswa kuwa uleule, labda upungue kidogo sana. Ukipanda, maana yake maji mapya yameingia kutoka bomba la mji. Nayo huingia kwa namna mbili tu: ama hayakuitwa na mtu wala kifaa, bali yanavuja kuingia usiku na mchana, ama yameitwa kimakosa, yaani kijaza-maji kiliongeza wakati maji halali ya boila yalikuwa bado yako njiani kurudi. Hizo ni hitilafu mbili tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Yasiyoitwa yana milango mitatu. Mlango wa kwanza ni koki ya kujazia kwa mkono, ambayo kwenye nyumba za umri kama wa nyumba yako mara nyingi huwa imeliwa ndani na haizibi vizuri hata ukiikaza. Wa pili ni kijaza-maji chenyewe, ambacho punje moja ya kutu ikikwama kwenye kiti cha vali yake kitadondosha maji bila kupata umeme. Wa tatu watu wengi huusahau: ile koili ya shaba iliyozamishwa ndani ya boila, ambamo maji ya kuogea hupita ili yapate moto. Maboila mengi ya mafuta ya New England, yaani huku kaskazini-mashariki, yana koili hiyo. Fikiria presha zilizopo: maji ya bomba la mji ndani ya koili yana presha ya pauni 50 au zaidi kwa inchi ya mraba, ilhali boila la nyumbani halipaswi kuvuka pauni 2. Kwa hiyo koili ikitoboka tundu la sindano, daima ni maji ya koili yatakayoingia kwenye boila. Maji ya boila hayatatoka kuingia bafuni kwako maadamu presha ya mji ipo.

Usijisikie salama eti kwa kuwa boila lina kinga. Kinga ya kukata moto hulinda upande mmoja tu, wa maji kupungua. Maji yakizidi, hakuna kifaa kitakachopiga kelele. Vali ya usalama hufunguka kwenye pauni 15, na pauni moja ya presha huinua maji kwa zaidi ya futi 2, hivyo kabla vali hiyo haijafunguka, maji yanaweza kupanda futi 30 na ushee. Radieta za mpangaji wako haziko juu kiasi hicho.

Sasa naomba unijibu. Je, boila lina koili ya maji ya kuogea? Je, kijaza-maji kipya kina kioo kidogo cha namba kinachohesabu galoni zilizoongezwa, na kinasomaje? Na je, maji hupanda hata siku ambazo boila halijawaka?

Mama wa Lewiston (Maine)

Kaka, pole sana. Nami ninataka kueleza yaliyotupata sisi, kwa sababu kwetu ilikuwa ile namna ya pili aliyoitaja Mzee, ya maji kuitwa kimakosa.

Sisi tulitoka Bukavu, ambako hatukuwahi kuwasha moto wa kupasha nyumba, kwa hiyo tuliponunua nyumba hapa kila kitu cha besmenti kilikuwa kigeni kwetu. Boila letu ni la gesi na halina koili. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja halikuwa na tatizo. Baridi kali ilipokuja, boila likawa linawaka kwa muda mrefu bila kupumzika, na ndipo lilipoanza kujaa. Mume wangu akaweka kiti mbele ya kioo akakaa kutazama. Aliona maji yanashuka polepole kadiri boila linavyowaka, mpaka kinga inazima moto, kijaza-maji kinaongeza, moto unawaka tena, na mambo yanajirudia. Themostati ilipozima, usawa ulikuwa wa kawaida kabisa. Lakini alipokwenda kuangalia baada ya saa moja na nusu, maji yalikuwa yamepanda hadi karibu na juu ya kioo, kwa sababu maji yetu ya zamani yalikuwa yamerudi na kuyakuta maji mapya yamekalia nafasi yao.

Kosa lilikuwa kwenye bomba la chini la marejeo, yaani la kurudisha maji kwenye boila, lile linalopita karibu na sakafu. Lilikuwa limejaa matope ya kutu ya miaka mingi, na njia iliyobaki ilikuwa nyembamba kama kidole. Fundi alilikata na kuweka jipya, na kijaza-maji hakijaongeza kitu tangu hapo. Kwa hiyo, kaka, angalia maji yako yanapanda lini: boila likiwa limelala, au saa moja na zaidi baada ya kuzima?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na asante sana dada wa Lewiston. Najibu kwa mpangilio.

Koili ipo. Kuna bamba la chuma la mviringo ubavuni mwa boila lenye boliti pande zote, na mabomba mawili ya shaba yanaingia na kutoka. Maji yetu yote ya moto hutoka hapo. Sikuwa nimewahi kulihusisha na tatizo hili.

Kijaza-maji kipya kina namba. Fundi alipokifunga aliongeza galoni mbili kujaribu, kikaandika 2. Leo ni siku ya tisa, na bado kinasoma 2, ingawa nimeshapunguza maji mara nne.

Kuhusu siku ambazo boila halijawaka, sina siku kama hiyo, kwa sababu nje ni baridi kali na boila pia huwaka ili kupasha maji ya kuogea hata themostati isipoita. Ila kesho hali ya hewa itakuwa nafuu, na ninaweza kulizima usiku mmoja.

Fundi wa Mvuke

Marahaba, ndugu yangu. Hiyo namba 2 imekupa nusu ya jibu, na inasikitisha kwamba aliyeifunga hakurudi kuisoma. Kijaza-maji hakijaita maji hata mara moja kwa siku tisa, kwa hiyo si hali ya mama wa Lewiston. Wewe una maji yasiyoitwa. Bado hatujui yanapita mlango upi, kwa sababu namba hiyo huhesabu maji kifaa kinapopata umeme na kufungua vali. Matone yanayopenya vali isiyoziba hayahesabiwi.

Fanya hivi kesho jioni. Zima boila kwa swichi nyekundu iliyo juu ya ngazi za besmenti, na uache lipoe kweli, kwa muda wa saa tatu au nne, kwa sababu maji yanapopoa hunywea kiasi na yatakudanganya ukipima mapema. Kutoka baridi hadi kuchemka maji huvimba takriban asilimia 4, ndiyo maana kioo cha boila lililowaka husimama juu kidogo kuliko cha boila lililopoa, na hilo si ugonjwa. Punguza maji hadi theluthi mbili ya kioo. Bandika utepe mwembamba wa karatasi pembeni ya kioo, uandike mstari kwa kalamu ya wino na saa uliyoandika.

Kisha funga koki zote mbili za upande wa kujazia, ya kijaza-maji na ile ya mkono. Lakini usiziamini. Koki kuukuu ikikazwa huonekana imefunga na huku inapitisha uzi wa maji. Tafuta yunioni, ile nati kubwa inayounganisha vipande viwili vya bomba, baada ya koki hizo na kabla ya boila. Kama ipo juu ya usawa wa maji ya kioo, ifungue kwa spana mbili, moja ikishika na nyingine ikizungusha, uachanishe bomba kidogo na uweke kikombe chini yake. Kama ipo chini ya usawa huo, usiifungue kabla hujafunga koki iliyo upande wa boila, la sivyo maji ya boila yatamwagika sakafuni. Acha hivyo hadi asubuhi, bila mtu kuwasha chochote.

Kikombe kikiwa na maji, koki zako au kijaza-maji ndicho chenye kosa. Kikombe kikiwa kikavu na mstari umepanda, umebaki mlango mmoja.

Mpangaji wa Lowell (Massachusetts)

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi ni mpangaji na radieta zangu zinagonga na kutema maji vilevile, lakini besmenti imefungwa na mwenye nyumba hapokei simu. Je, kuna hatari, na nifanye nini?

Fundi wa Mvuke

Ndugu yangu, kugonga kwenyewe kunatokana na mvuke kukutana na maji yaliyosimama mahali yasipopaswa. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kubwa takriban mara 1,700. Mvuke ukikutana na maji ya baridi hunywea ghafla, na bonge la maji hurushwa kwa kasi hadi ligonge kona ya bomba. Wakati mwingine chanzo ni kidogo sana, kama radieta iliyolalia upande usiofaa au koki yake iliyofunguliwa nusu. Kwenye mfumo wa bomba moja, koki ya radieta ama iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa, hakuna katikati. Angalia hilo kwanza, kwa kuwa liko ndani ya uwezo wako.

Kama radieta zote zinatema, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi na utunze nakala, na usipojibiwa nenda idara ya afya ya mji wako. Kanuni ya afya ya Massachusetts inataka nyumba ya kupanga iwe na joto lisilopungua nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku wakati wa msimu wa baridi. Usivunje kufuli, na usifungue kipumulio cha radieta iliyo moto. Mvuke huunguza vibaya sana.

Mleta uzi

Nimerudi na matokeo.

Nilizima boila saa kumi na mbili jioni. Watoto tuliwaogesha mapema, na mpangaji wa juu nilimweleza akakubali bila shida. Saa nne usiku boila lilikuwa limepoa hata ningeweza kuliwekea kiganja. Nilipunguza maji na kuandika mstari. Yunioni ipo juu, karibu na boriti za dari, juu sana kuliko kioo. Ilikuwa imeshika kutu, nikaipaka mafuta ya kulegeza, nikasubiri nusu saa, nikaifungua. Matone matatu yaliyokuwa ndani ya bomba yalianguka, kisha kimya. Nikaning'iniza kikombe cha plastiki cha mwanangu kwa waya chini ya bomba, nikapanda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri nilishuka na tochi. Kikombe kilikuwa kikavu. Nilipitisha kidole ndani nikapata vumbi. Lakini maji ya kioo yalikuwa yamepita mstari wangu kwa inchi moja na robo. Nilikaa pale kwenye ngazi nikitazama mstari wa wino ukiwa chini ya maji, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu niliacha kubabaika. Nilijua maji yanaingia kwa njia ipi.

Nilitaka pia kujua ni maji kiasi gani, kwa hiyo nilipunguza hadi mstarini na kupima kwa jagi: karibu galoni moja na nusu kwa usiku mmoja, mafuta ya boila yakiwa yamezimwa. Sasa, mzee wangu, niko sahihi nikisema ni koili?

Fundi wa Mvuke

Uko sahihi karibu kabisa, ila mimi huwa sitoi boliti za bamba hilo kabla sijathibitisha kwa upande wa pili. Umeonyesha kwamba maji hayapiti kwenye njia ya kujazia. Sasa onyesha kwamba yakizuiwa kwenye koili, yanakoma. Rudisha yunioni mahali pake, acha koki za kujazia zimefungwa, kisha funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye koili. Chagua koki iliyo kabla ya tawi linalokwenda kwenye vali ya kuchanganyia maji ya moto na baridi, kwa sababu ukifunga baada ya tawi hilo, presha inaweza kuzunguka na kuingilia upande wa kutokea. Fungua bomba la maji ya moto la ghorofani hadi liache kutiririka, ili presha iliyobaki ndani ya koili iishe. Andika mstari mpya, subiri usiku mwingine.

Na kwa kuwa umegusa yunioni za mfumo huu, niseme neno kuhusu kwa nini nasisitiza subira. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, si mbali nawe, boila la kiwanda cha viatu cha Grover lililipuka na watu 58 wakafa. Massachusetts ilitunga sheria ya maboila mwaka 1907, na kanuni ya kitaifa ya wahandisi ikafuata mwaka 1915. Mabomba yanayoungana ubavuni mwa boila lako kwa umbo la herufi U iliyogeuzwa, tunayoyaita kitanzi cha Hartford, yalisambazwa kuanzia mwaka 1919 na kampuni ya bima ya maboila ya mji wa Hartford, ili bomba la marejeo likipasuka boila lisimwage maji yake yote na kuungua tupu. Kioo, kinga, kitanzi na vali, kila kimoja kipo kwa sababu kuna watu walioumia kabla hakijakuwepo. Kwa hiyo usifungue wala kuziba kimojawapo ili tu kunyamazisha kelele. Na siku yoyote ukikuta kioo kitupu boila likiwa moto, zima na uache lipoe. Usiongeze maji ya baridi kwenye chuma kilichounguzwa, kitapasuka.

Mama wa Lewiston

Mzee, naomba kuuliza jambo moja kwa faida yetu sote. Kama koili inavuja galoni moja tu kwa usiku, je, mtu hawezi kupunguza ndoo moja kila asubuhi hadi majira ya joto yafike? Kuna majirani wanaofanya hivyo.

Fundi wa Mvuke

Dada yangu, ninawaelewa, kwa sababu kufungua koili katikati ya Januari ni gharama na ni usumbufu. Lakini ndoo ile ndiyo inayokula boila. Maji yaliyokwisha kuchemka mara nyingi yametoa hewa yake yote na hayali chuma sana. Maji mapya huja na hewa ya oksijeni na madini. Oksijeni hutafuna chuma, hasa pale kwenye usawa wa maji, na madini huganda pale moto unapopiga. Galoni moja na nusu kila usiku ni zaidi ya galoni 40 kwa mwezi, katika boila ambalo kwa msimu mzima lingepaswa kuhitaji kidogo tu. Nimefungua maboila yenye umri mdogo yaliyotoboka juu tu ya usawa wa maji kwa sababu hiyo. Ndiyo maana hata ukiongeza maji kihalali, nakushauri uwashe boila palepale hadi lichemke, hewa itoke.

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, naleta matokeo ya mwisho.

Usiku wa pili, koili ikiwa imefungwa, mstari na maji vilibaki pamoja. Asubuhi nilitazama kwa tochi kutoka pande zote mbili za kioo nikidhani macho yananidanganya. Hata unene wa kucha maji hayakupanda.

Niliita fundi mwingine mwenye leseni na kumwonyesha utepe wenye mistari miwili na saa zake. Hakubishana. Alipunguza maji chini ya koili, akafungua boliti nane, mbili zikakatika kama alivyonionya mapema, akaivuta nje. Ilikuwa msokoto wa shaba wenye mapezi madogo, umevikwa tope jekundu, na alipoujaza maji kwa presha, uzi mwembamba wa maji ulichuruzika kwenye kiungo karibu kabisa na bamba. Tundu lenyewe sikuliona hadi alipopangusa kwa kitambaa.

Alinipa njia mbili: koili mpya, au kuziba nafasi yake kwa bamba lisilo na tundu na kufunga tenki la umeme la maji ya kuogea. Nimechagua tenki, kwa sababu boila sasa halitawaka majira ya joto kwa ajili ya kuoga tu, na kwa sababu mlango ule wa tatu utakuwa haupo tena. Tenki limegharimu, lakini ni sehemu ndogo ya bei niliyotajiwa ya boila jipya.

Aliniomba pia ruhusa ya kuosha boila, kwa kuwa tope na mafuta ya boliti yalikuwa yameingia majini, na maji machafu huruka ndani ya kioo na kubebwa na mvuke. Alijaza maji polepole kwa saa mbili hivi, yakimwagika kupitia tundu la juu la ubavuni kwenye ndoo kama uji mwepesi wenye utando wa rangirangi, hadi yakawa safi. Kidhibiti cha presha alikikuta kimewekwa pauni 5, akakishusha hadi pauni 1.5, akisema nyumba kama hii haihitaji zaidi. Kibomba kilichojikunja chini ya kidhibiti nacho kilikuwa kimeziba kwa tope, na akasema kwa hali ile kidhibiti kilikuwa hakisomi presha yoyote.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Namba ya kijaza-maji imetoka 2 hadi 3. Radieta ya watoto inapumua kwa sauti ndogo kisha inanyamaza, na mpangaji wa juu amelirudisha zulia lake sakafuni. Utepe wangu wa karatasi bado upo kwenye kioo, na maji yamesimama kwenye mstari.

Fundi wa Mvuke

Galoni moja kwa siku kumi na mbili baada ya kuosha boila ni ya kawaida, lakini endelea kuisoma namba hiyo kila Jumamosi na kuiandika ukutani kwa tarehe. Ikianza kupanda kwa kasi, utakuwa na tatizo la upande wa pili, mvuke unaotoroka mahali fulani, na tutafungua uzi mwingine.